Paa Halivuji

Januari 12, Jumapili

Daftari hili lilikuwa la maandalio ya somo la Sayansi, darasa la nne. Kurasa za nyuma zimebaki safi, nimezichukua. Mimba ina miezi saba na nesi Vitalia wa kliniki kasema niandike kila ninachokiona mwilini. Mwalimu akipewa zoezi na yeye lazima alifanye. Basi: miguu inavimba kidogo jioni, mtoto anacheza, kiungulia kipo.

Kanisani leo padri alitangaza msiba. Mzee mmoja wa huku Mpepai atasitiriwa kesho saa nane mchana. Mama Ottilia, mkwe wangu, alikuwa benchi la mbele. Padri aliposema "atasitiriwa" aligeuka, akanitazama tumbo.

Januari 15

Mvua. Mama amefungua chumba cha mwisho. Tangu mume wangu Kilian anilete hapa, miaka miwili sasa, sijawahi kuuona mlango ule ukiwa wazi, nikadhani ni stoo ya kahawa. Hakuna kahawa. Kuna kitanda, msumari ukutani, na rozari kwenye msumari. Amefagia, amepiga chokaa, kisha akatangaza kwamba mwezi ujao nitahamia humo na humo ndimo nitakamokaa arobaini yangu.

Nikamwambia kwetu Ngumbo mimba ya kwanza binti hurudi kwa mama yake.

"Kwenu ni kwenu," akasema. "Wewe utajifungulia huku."

Shikamoo yangu ya jioni aliiitikia akiwa ameshanipa mgongo.

Januari 16

Mvua.

Januari 23

Nesi Vitalia kanipa orodha ya vitu vya kujifungulia: pamba, mpira wa kutandika, kanga safi, sabuni, beseni, nguo za mtoto, kofia na soksi. Nilimpa Mama anisaidie kununua kwa vile alikuwa anakwenda Mbinga mjini. Amerudi na vyote. Halafu amerudi na bafta. Bafta nyeupe, mita kumi na mbili! Ninaijua bafta. Babu yangu alizikwa nayo.

Jioni nzima aliikata shuka sita sawasawa, akapinda kingo kwa mkono. Nilimwonyesha kitenge changu cha rangi ya damu ya mzee chenye maua meusi, kizito, kizuri, nikasema mimi nitatandika hiki.

"Hicho kinaficha," akasema, akakirudisha sandukuni kwangu.

Kinaficha nini?

Januari 28

Mama ametoa godoro chumba cha mwisho. Godoro lenyewe jipya, Kilian alilinunua Krismasi. Amelipeleka chumbani kwake, na mahali pake ameleta kitanda cha kamba na mkeka juu yake. Nikamuuliza kama mzazi anayetoka kujifungua ndiye wa kulalia kamba. Sikuuliza kwa adabu sana.

"Godoro linakunywa, mwanangu," akasema.

Nimeliandika kama alivyolisema. Nimelisoma mara tano na halijapata maana.

Februari 4

Ukungu umeshuka mpaka mlangoni, mibuni huioni. Kwetu ukiona moshi unasimama juu ya ziwa unajua ni wadudu, mabilioni yao, na upepo ukiwaleta ufukweni watu hutoka na vikapu kuwavua waende kuwapika. Moshi wa kwetu naujua. Huu wa huku unakuja bila sauti, unasimama dirishani.

Chini ya kitanda cha kamba nimekuta beseni la bati, la zamani, limetoboka na kuzibwa. Nilidhani paa linavuja. Nimekaa humo wakati wa mvua kubwa, nusu saa nzima, nikiangalia juu. Hakuna hata tone. Nimelitoa beseni nikaliweka jikoni.

Februari 5

Beseni limerudi chini ya kitanda.

Februari 6

Nimelitoa, nimeweka lile la plastiki la bluu nililonunua mwenyewe. Kama lazima beseni liwepo, basi liwe zuri.

Februari 7

La bati limerudi. La bluu nimelikuta uani na kuku wamelalia. Mama kaniambia bila hasira, kama anayemfundisha mtoto, "La plastiki ni bubu."

Februari 9, Jumapili

Baada ya misa Mama alisimama na jirani yetu, Aurelia, nyuma ya kanisa. Waliongea Kimatengo, nami Kimatengo changu ni cha salamu na chakula tu. Lakini katikati ya maneno yao lilipita neno moja la Kiswahili, nalo nikalisikia mara mbili: kusitiri. Aurelia akashika mdomo. Mama akamaliza kwa Kiswahili kabisa, labda ili Mungu pia aelewe:

"Huyu mke wa Kilian nitamsitiri mwenyewe, kwa mikono yangu hii."

Bafta mita kumi na mbili. Pamba. Beseni. Mkeka. Mimi ni mwalimu wa Sayansi, siamini mambo ya ajabu, lakini kuorodhesha najua. Vitu vya mzazi na vitu vya maiti ni vilevile.

Februari 11

Sijalala vizuri. Mtoto anacheza.

Februari 14

Leo nimerudi kutoka shule mapema, saa saba, kichwa kikiuma. Mama hakunisikia. Mlango wa chumba cha mwisho ulikuwa wazi. Alikuwa ameinama juu ya kitanda changu na kikombe, anamwaga maji kidogo kidogo juu ya mkeka, pale pale mtu anapolaza kiuno. Maji yakapita mkekani, yakapita kwenye kamba, yakaanza kudondoka. Ta. Ta. Akaweka kikombe chini, akatoka haraka kupitia mlango wa uani, akaenda kusimama sebuleni, amefumba macho, kichwa kimeinama upande. Akafukuza kuku. Akasikiliza tena. Kisha akaenda jikoni, mbali zaidi, akasimama vilevile.

Midomo yake ilikuwa inahesabu.

Nilirudi nyuma mpaka barabarani, nikaja upya nikipiga hodi kwa nguvu. "Karibu mwanangu," akasema. "Mbona jasho?"

Februari 16, Jumapili

Kilian amekuja, ana siku mbili kabla ya kurudi mgodini kwenye makaa ya mawe. Nimemwambia yote: bafta, godoro, maji. Nilitaka acheke. Hakucheka. Aliangalia mikono yake, makaa hayatoki kwenye kucha.

"Chumba kile kilikuwa cha dada," akasema. "Verediana. Alijifungua salama, na siku ya tisa akafia humo. Imepita miaka kumi na mitatu. Usimuulize Mama."

"Na mimi ndiye nikalale humo?"

"Mama ana sababu zake."

Nilimwambia mwanamume anayesema mama yake ana sababu zake ndiye anayeshika jembe la kwanza kaburini. Niliumia nilipomwona uso, lakini sikulirudisha neno.

Februari 21

Likizo ya uzazi imeanza. Nimehamia chumba cha mwisho. Kamba zinalia nikigeuka.

Februari 25

Kliniki. Presha nzuri, mtoto ameshageuka. Matazamio ni Machi 18. Nesi Vitalia katufundisha wamama kumi na wawili: mtoto akizaliwa awekwe kifuani ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza, yale maziwa ya njano asinyimwe, kitovu kisipakwe chochote, kiachwe kikauke. Mama alisimama dirishani kwa nje muda wote. Nilidhani atabisha mambo ya kitovu, wenzake wote wanabisha. Aliuliza swali moja tu:

"Na mama yake je? Mama yake unamwangaliaje?"

Vitalia alianza kujibu: damu ikilowesha kitambaa kizima ndani ya saa moja, baridi, kizunguzungu. Mama alimkatiza, "Usipokuwepo chumbani je? Ukiwa upande wa pili, unajuaje?"

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka.

Machi 2, Jumapili

Nimeamua. Ijumaa nashuka Ngumbo kwa mama yangu. Nimemtumia ujumbe. Sitamwambia mtu hapa.

Machi 5, Jumatano ya Majivu

Mkwe wangu alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Padri alimpaka majivu, naye alipogeuka, badala ya kwenda kukaa, alinipitishia kidole tumboni, msalaba mdogo, na majivu yake mwenyewe. Nguo yangu ya njano ina alama mpaka sasa. Nimeifua mara mbili.

Machi 7, Ijumaa

Saa kumi na mbili asubuhi, Mama akiwa shambani wanapoanza kufukia majani kwenye ngoro, yale mashimo yao ya kupandia maharage, nilimpigia Cuthbert wa bodaboda. Ukipita barabarani unauona mlima mzima una mashimo ya mraba, safu juu ya safu, na wanawake wameinama ndani yake. Wenyeji wanaona shamba. Mimi leo sikuona shamba. Nilimwambia Cuthbert aongeze mwendo, akasema, "Mwalimu, kwa tumbo hilo?"

Stendi ya Mbinga, mama yangu akapiga simu kabla sijakata tiketi. Mto umepanda mbele ya Liuli, magari hayavuki tangu Jumanne, na mitumbwi imezuiwa kwa sababu ya mawimbi. "Usije, mwanangu. Utajifungulia barabarani." Akalia. Nikalia na mimi, hapo kwenye benchi, mbele ya wauza maandazi.

Saa sita mtu akaketi pembeni yangu. Miguu yake ilikuwa na udongo wa shamba mpaka magotini; bila shaka Cuthbert ndiye aliyemwambia. Mama Ottilia alimimina uji kutoka kwenye chupa ya chai, akanipa.

"Kunywa. Safari ndefu."

"Ya wapi, Mama?"

"Ya nyumbani."

Hakunigombeza. Njia nzima alinishika mkono, sio kiganja, kifundo cha mkono, mahali mapigo yanapopiga.

Machi 8

Mvua.

Machi 9, Jumapili

Mvua. Sikwenda kanisani. Nimeandika barua kwa mama yangu na kuificha kwenye daftari hili, kama likitokea lolote.

Machi 13

Ni wa kike. Kilo tatu na gramu mia moja. Juzi Jumanne saa nne asubuhi, kituo cha afya, nesi Vitalia akiwa zamu. Sitaandika uchungu, anayeujua anaujua. Walimweka kifuani kwangu akiwa bado ana utelezi, akatafuta ziwa kwa pua, nikasahau bafta, nikasahau Wamatengo wote na milima yao.

Jana tumeruhusiwa. Mama alitandika shuka nyeupe ya kwanza. Kila saa anaingia, anafunua, anaangalia, anafunika. Anamaliza kwangu ndipo anamtazama mtoto. Wakwe wa wenzangu hukimbilia mtoto kwanza.

Machi 15

Maziwa yameshuka. Titi jiwe. Mama amenikanda kwa kitambaa cha maji ya moto na kunipa uji wa pilipili manga. Mtoto ananyonya, analala, anapiga chafya. Tunamwita Mgeni mpaka kitovu kidondoke.

Machi 18

Kitovu kimedondoka, kikavu, hakina harufu.

Machi 19

Nimelisukuma beseni ukutani kwa mguu. Nikilala nalifikiria likiwa wazi chini yangu, linangoja. Baada ya dakika chache Mama aliingia, akapiga magoti, akalivuta mahali pake. Kesho ni siku ya tisa. Kilian yupo, kaomba ruhusa kazini.

Machi 25, hospitalini

Mkono wa kushoto una sindano, naandika kwa wa kulia. Vitalia alisema niandike kila kitu.

Alhamisi ya tarehe ishirini lilikuwa jua, la kwanza kwa wiki nzima. Wanawake wa jumuiya walikuja kumwona mtoto, kama kumi na watano, na mchele, sabuni na kuku mmoja. Mchana baada ya chakula Aurelia alimbeba mtoto akampeleka sebuleni. Vigelegele, nyimbo, mtu anapiga ngoma ya beni kwenye meza. Nilibaki peke yangu, mlango umerudishwa.

Nilisikia uvuguvugu chini yangu. Nilidhani ni mkojo, nikaona aibu na watu wale wote ndani ya nyumba. Nikasema nitangoja waondoke. Kisha nikawa sijali. Usingizi ulikuja mtamu, wala sikuwa nimechoka. Kisha baridi. Nikasema "nasikia baridi", lakini nilikuwa kama naongea na ukuta, kwa sauti ndogo.

Ta.

Nikawaza: paa linavuja.

Ta. Ta.

Mwanga wa jua ulikuwa umekaa sakafuni, niliuona. Hata hivyo niliwaza paa linavuja, kesho Kilian apande aangalie. Niliridhika kabisa na wazo hilo. Hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka, kwamba niliridhika.

Sebuleni wimbo ulikuwa umefika kwenye kiitikio. Katikati yake nikasikia sauti ya Mama, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Nyamazeni!"

Wakanyamaza wote, hata aliyekuwa anapiga meza. Nyumba ikawa kimya.

Ta. Ta. Ta. Ta.

Alikuja akikimbia. Alifunua shuka, na bafta yote ilikuwa nyekundu, haikuficha hata kidogo. Hakupiga yowe. Aliweka ngumi chini ya kitovu changu akaanza kukanda kwa uzito wake wote, akipiga kelele bila kugeuka: Aurelia leta mtoto umweke ziwani, Kilian kimbia parokiani uchukue gari, wewe leta shuka, wewe toka mlangoni hewa iingie. Mtoto akavuta ziwa na tumbo likauma upya.

Kwenye gari alikuwa bado amenikandamiza. "Usilale. Niambie majina ya darasa lako."

"Mama, niache."

"Majina. Moja baada ya jingine, kama yalivyo kwenye daftari la mahudhurio."

Nikaanza. Abeli, Adelina, Benedikta. Nikinyamaza ananipiga kofi. Nilifika namba thelathini na moja nikaona geti la hospitali.

Mji wa mimba ulikuwa umekataa kujikaza, daktari kasema. Nimeongezwa chupa tatu za damu. Moja ni ya Kilian. Daktari kasema nusu saa nyingine wasingekuwa na mtu wa kumwongezea.

Machi 26

Jana jioni nilimuuliza Mama kuhusu Verediana. Alikuwa anamfunga mtoto nepi, haniangalii.

"Siku ile ilikuwa mvua," akasema. "Tulikuwa sebuleni na kichanga, tunacheka. Verediana alikuwa amelalia kitenge cheusi juu ya godoro zuri, nilimnunulia mwenyewe. Godoro likanywa mpaka likashindwa, ndipo likaanza kudondosha. Mimi nilisikia, mwanangu. Nilisikia vizuri kabisa. Nikamwambia Kilian, kesho upande ukaangalie paa la chumba cha mwisho."

Akapindua nepi, akaikunja upya.

"Kilian alipanda kweli?" nikauliza.

"Alipanda. Baada ya mazishi. Halikuwa linavuja."

Mtoto wa Verediana yupo Songea kwa baba yake, sasa kidato cha kwanza, anampigia bibi yake simu kila Jumapili.

Nikamuuliza na lile neno. Nikamwambia nilimsikia nyuma ya kanisa, na kwamba nilitoroka kwa sababu yake. Akamlaza mtoto pembeni yangu.

"Padri alisema, leo tunamsitiri Verediana. Nikajiuliza, mbona tunamsitiri leo, na tulitakiwa kumsitiri juzi? Tangu siku hiyo neno hilo mimi silitumii kwa wafu."

Nilimshika kifundo cha mkono, pale mapigo yanapopiga. Yalikuwa yanakwenda mbio.

Machi 28

Nyumbani. Kilian kauliza kama arudishe godoro. Nimemwambia bado siku ishirini na tatu. Barua niliyomwandikia mama yangu nimeichoma jikoni. Beseni limesuguliwa kwa majivu, linang'aa. Nimelisukuma mahali pake mwenyewe.

Machi 30, Jumapili

Mvua kubwa imepiga tangu asubuhi, na mawe madogo ndani yake. Mchana ilipopungua tulikuwa jikoni, Mama anakaanga dagaa wa ziwani waliotumwa na mama yangu, mimi nanyonyesha.

Ta.

Mwiko ulianguka. Aliniangalia, mimi nipo hapa mbele yake, mzima, mtoto yupo ziwani, lakini miguu yake ilikuwa imeshaondoka. Nikamfuata na mtoto mikononi. Alikuwa amepiga magoti chumba cha mwisho, ameingiza mkono ndani ya beseni, anaupapasa ukavu wake.

Ta. Ta. Ilikuwa inatoka sebuleni, pembeni ya kabati, bati moja limeinuliwa na upepo.

"Ni paa, Mama," nikasema.

"Paa?"

"Ni paa. Njoo uone. Maji tu."

Alikuja. Alikinga kiganja chini ya tone, akalitazama maji, akayaonja kwa ulimi. Kisha akakaa sakafuni, miguu imenyooka mbele yake, akalia. Kilian anasema hata msibani hakulia.

Sikumwinua. Nilimpa mtoto amshike, nikaenda uani nikafukuza kuku, nikachukua lile beseni la plastiki la bluu. Nililikinga pembeni ya kabati, na ndani yake nikaweka kitambaa, ili tone likianguka lisisikike.